Hodi Baina ya Nyuzi: Jinsi Programu Inavyozungumza na Nafsi Yake

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Waliolitunga neno hilo hawakuwahi kuiona tarakilishi, lakini yeyote aliyewahi kuandika programu yenye nyuzi zaidi ya moja atakiri kuwa ni nadra kupata usemi unaoieleza kazi yake kwa ufupi kama huo. Uzi, katika taaluma hii, ni mfuatano wa amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine, mithili ya shanga zilizotungwa. Programu ndogo aghalabu huwa na uzi mmoja tu. Programu kubwa huwa na nyuzi kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja, na zote hula katika zizi moja, yaani sehemu moja ya kumbukumbu ya tarakilishi. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Na ichukuliwe kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa isimu angeitamani. Ana matini ya Kiswahili yenye mamilioni ya maneno, yaliyokusanywa kutoka magazetini na riwayani, naye anataka kujua ni mara ngapi nomino za wanyama zimepatanishwa kwa ngeli ya A-WA na ni mara ngapi zimeachwa katika I-ZI. Anaunda dirisha lenye vitufe viwili, Anza na Acha, pamoja na mahali pa kuonyesha hesabu ilikofikia. Anabonyeza Anza. Papo hapo dirisha linaganda. Hesabu haisogei, kitufe cha Acha hakisikii, na akilifunika dirisha hilo kwa jingine kisha akalifunua, huenda akakuta weupe mtupu. Mwanafunzi huyo hudhani kwamba programu imekufa. Haijafa, imezama kazini.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Kila mara kitufe kinapobonyezwa, au kipanya kinaposogezwa, au dirisha linapohitaji kuchorwa upya, habari hiyo hugeuzwa kuwa tukio na kuwekwa kwenye foleni. Uzi mkuu wa programu huzunguka daima: huchukua tukio lililo mbele ya foleni, hulishughulikia, hurudi kuchukua jingine. Mzunguko huo ndio unaolifanya dirisha lionekane kuwa hai. Lakini tukio la Anza likishughulikiwa kwa kuhesabu maneno milioni kumi, uzi hautarudi kwenye foleni mpaka umalize. Tukio la Acha limo humo foleni, limefika salama, ila hakuna wa kulisoma.

Dawa inayomjia mtu haraka ni kuongeza uzi wa pili: mmoja uhesabu, mwingine ulihudumie dirisha. Wazo ni jema. Balaa huja pale ambapo uzi wa kuhesabu, ukiona kuwa dirisha liko katika kumbukumbu ileile na hakuna anayeuzuia, unapoingia moja kwa moja na kuandika humo. Au pale nyuzi mbili zinapohesabu na kuongeza katika jumla moja. Kuongeza moja huonekana kuwa tendo moja, kumbe ndani ya tarakilishi ni matatu: kusoma jumla iliyopo, kuongeza, kisha kuandika jibu. Fikiria waweka hazina wawili wa chama wanaotumia kitabu kimoja. Wote wawili wanasoma kuwa hazina ni shilingi 100. Kila mmoja amepokea shilingi moja, kila mmoja anaandika 101. Shilingi moja imetoweka na hakuna mwizi. Linalotisha ni kwamba kosa hili halina desturi. Programu yaweza kupatia mara mia, ikakosea mara moja usiku, na asubuhi mwalimu anapoitwa aje aone ikapatia tena.

Msomaji aweza kusema kuwa hesabu ya ngeli ikipungua moja hakuna atakayeumia. Ni kweli. Lakini kati ya mwaka wa 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25, iliyoundwa na shirika la AECL la Kanada, iliwapiga wagonjwa sita wa Marekani na Kanada kwa mionzi iliyozidi mno kipimo walichoandikiwa, na baadhi yao wakafa kutokana na majeraha hayo. Katika ajali mbili zilizotokea mjini Tyler, jimbo la Texas, mwezi wa Machi na Aprili mwaka wa 1986, uchunguzi ulifika kwenye jambo lilelile la zizi moja. Programu ya mashine hiyo ilikuwa na kazi kadhaa zilizokwenda sambamba na kuambiana habari kwa kuandika na kusoma mahali pamoja pa kumbukumbu. Kazi moja ilipokea maandishi ya mhudumu. Nyingine iliiandaa mashine. Mhudumu alikosea herufi moja, akaandika ile ya eksirei badala ya ile ya elektroni, akagundua, akarudi juu na kuirekebisha upesi. Kuzitengeza sumaku za mashine kulichukua takriban sekunde 8. Marekebisho yaliyofanywa ndani ya sekunde hizo hayakuonwa na kazi iliyokuwa ikiiandaa mashine. Kiwambo kikaonyesha tiba moja ilhali mitambo imepangwa nusu kwa tiba hiyo na nusu kwa nyingine.

Kuna jambo la kuhuzunisha zaidi katika kisa hicho. Mhudumu mgeni, anayetafuta herufi kwa kidole kimoja, asingelizua kosa lile kwa urahisi, kwa kuwa angechukua muda mrefu kuliko sekunde 8. Ni wepesi wa mikono iliyozoea kazi uliolifunua. Nancy Leveson na Clark Turner, walioandika uchunguzi wao kuhusu ajali hizo mwaka wa 1993, hawakuishia kuilaumu programu pekee. Walitaja pia kwamba vizuizi vya kimitambo vilivyokuwamo katika mashine za awali viliondolewa, na kwamba malalamiko ya kwanza hayakuaminiwa. Hata hivyo, atakayeisoma habari hiyo hatadharau tena jumla iliyopungua moja.

Tiba ya kale ya ugomvi huu ni kufuli. Uzi unaotaka kugusa kitu cha shirika hukifunga, hufanya kazi yake, kisha hufungua. Nyuzi nyingine hungoja. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyelishughulikia tatizo hili katika miaka ya 1960, alibuni chombo alichokiita semafo, na matendo yake mawili akayapa herufi P na V kutokana na maneno ya Kiholanzi. Hadi leo vitabu vya Kiingereza huandika P na V, na wanafunzi wa pembe zote za dunia huzikariri bila kujua zilikotoka. Wale wanaodai kuwa lugha isiyo Kiingereza haiwezi kubeba taaluma ya tarakilishi wangefaa kuulizwa herufi hizo ni za wapi.

Ila kufuli nazo zina shari yake. Uzi wa kwanza hufunga sanduku A na kutaka sanduku B. Uzi wa pili umefunga B na unataka A. Kila mmoja anangoja, na hakuna atakayeondoka. Isitoshe, kufuli hufaa tu iwapo kila mmoja ataikumbuka kila mahali. Anayeisahau katika mstari mmoja kati ya elfu kumi ameharibu kazi ya wote. Kazi inayotaka watu wasisahau kamwe si kazi iliyopangwa vyema.

Njia nyingine, na ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa makini, ni ile iliyomo katika maktaba ya programu iitwayo Qt. Maktaba hii asili yake ni Norwei. Mnamo 1990, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa wakitengeneza programu ya kuhifadhi picha za ultrasaundi, iliyotakiwa iendeshwe katika Unix, Macintosh na Windows kwa pamoja. Kutokana na haja hiyo wakaanza, mwaka uliofuata, kuandika maktaba ya madirisha na vitufe ambayo ingefanya kazi popote, nayo ikatolewa kwa umma mwaka wa 1995. Kiini chake ni ishara na vipokezi. Kitufe kinapobonyezwa hakimwamuru mtu. Hupiga mbiu tu: nimebonyezwa. Nani anaisikiliza mbiu hiyo, na atafanya nini, kitufe hakijui wala hakijali. Mtunzi wa programu ndiye anayeunganisha mbiu hii na kipokezi kile.

Katika miaka ya awali utaratibu huo ulikuwa wa uzi mmoja. Matukio ya maktaba yalipokelewa na uzi mkuu pekee. Toleo la 4, lililotoka mwaka wa 2005, ndilo lililoupa kila uzi uwezo wa kuwa na foleni na mzunguko wake wenyewe, na papo hapo likaweka kanuni ambayo Mswahili yeyote ataitambua: kila kitu kina kwao. Kitu huwa cha uzi ule kilimoundiwa, mpaka kihamishwe kwa makusudi. Mbiu inapopigwa, maktaba hutazama kwanza: je, msikilizaji ni wa uzi huuhuu? Akiwa wa humu, huitwa mara moja, kama anavyoitwa mtu aliye chumba kimoja na mwitaji. Akiwa wa uzi mwingine, haendewi wala haguswi. Maktaba hunakili maneno ya ujumbe, huyafunga kuwa tukio, huliweka tukio hilo katika foleni ya uzi wa msikilizaji, na mpiga mbiu huendelea na safari yake. Mwenyewe atalisoma zamu yake ikifika, nyumbani mwake, kwa mikono yake.

Huku ni kubisha hodi. Mgeni hafungui mlango wa mwenzake akajipakulia chungu jikoni. Husimama nje, hutoa neno, na mwenye nyumba ndiye anayeamua lini atoke. Kufuli ipo bado, maana foleni yenyewe ni kitu cha shirika na lazima ilindwe. Lakini imewekwa mahali pamoja na waliokwisha kuifikiria kwa makini, na mwanafunzi wa ngeli hana haja ya kuishika.

Turudi kwenye hesabu yake. Kihesabio kinahamishiwa uzi wa pili. Kila baada ya maneno elfu kumi hupiga mbiu yenye nambari. Dirisha, likiwa katika uzi mkuu, huipokea na kujichora lenyewe. Kwa Qt hii si hiari: vitu vyote vinavyoonekana kiwamboni sharti vikae katika uzi mkuu. Nambari sasa zinapanda, dirisha linasogea, na kitufe cha Acha kinabonyezeka. Ila mwanafunzi akikibonyeza, hesabu haikomi!

Hapa ndipo wengi huilaumu maktaba bure. Mbiu ya Acha imepigwa, ikanakiliwa, ikafika kwenye foleni ya uzi wa pili, na humo imelala, kwa sababu kihesabio kimo ndani ya maneno yake milioni kumi na hakijarudi kwenye foleni. Ugonjwa ni uleule wa mwanzo. Umehama nyumba tu. Ujumbe haumkatizi mtu kazini kwake. Kwa hiyo kazi ndefu lazima ikatwe vipande, na baada ya kila kipande uzi urejee kwenye foleni kutazama kama kuna neno. Ama, kwa Qt tangu toleo la 5.2 la mwaka wa 2013, kuna alama maalumu ambayo uzi mmoja huiinua kuomba mwingine ukome, na huo mwingine huitazama mara kwa mara katikati ya kazi. Tazama kitenzi: huomba. Uzi unaoombwa usipotazama, haukomi.

Kosa la kinyume pia lipo. Asiyekuwa na kiasi hupiga mbiu kwa kila neno. Uzi wa pili, ulio mwepesi, humimina barua milioni kumi kwenye foleni ya dirisha, nalo dirisha likishinda likijichora kwa kila moja, huganda vilevile na kumbukumbu hujaa. Hodi ikibishwa bila kupumua ni kero.

Usalama wa njia hii pia hutegemea kwamba kinachopelekwa ni nakala. Mtu akituma, badala ya orodha ya maneno, anwani ya mahali orodha ilipo katika kumbukumbu, maktaba itainakili anwani hiyo kwa uaminifu na kuifikisha. Lakini hapo hakupeleka barua. Amepeleka ufunguo wa nyumba yake. Sasa nyuzi mbili zinaingia chumba kimoja, na mafahali wamerudi zizini. Hakuna maktaba iwezayo kumkinga mtu na hilo.

Kuna na mtego mwingine unaotokana na jina, na kwa wanaoipenda lugha huu ndio wenye ladha zaidi. Katika Qt kitu kinachoanzisha uzi huitwa QThread, na sehemu ya pili ya jina hilo kwa Kiingereza ni uzi. Basi watu wakaamini kuwa kitu hicho ndicho uzi wenyewe. Wakaandika kazi zao ndani yake, wakaunganisha mbiu na vipokezi vyake, wakidhani vipokezi hivyo vitaitikia ndani ya uzi mpya. Kumbe QThread ni msimamizi tu, na kwao ni uzi uliomuumba, si ule anaousimamia. Mbiu zilizoelekezwa kwake zilishughulikiwa nje, na wenyewe wakastaajabu kwa nini dirisha bado linaganda. Ni kama kumpa mnyapara jembe kwa sababu jina lake limeandikwa kwenye orodha ya vibarua. Hadi toleo la 4.4 la mwaka wa 2008, mtu alilazimika kuunda aina yake mwenyewe ya msimamizi ili kuanzisha uzi, desturi iliyozidi kuwachanganya watu. Tangu hapo msimamizi wa kawaida huuanzishia uzi mzunguko wa matukio, na mtunzi huhamishia humo vitu anavyotaka.

Kiswahili kingelitenga jambo hili kwa kiambishi kimoja. Uzi ni wa ngeli ya U-ZI, msimamizi ni wa A-WA, na upatanisho wa kisarufi ungemkumbusha mtunzi kila sentensi kwamba anasema habari za vitu viwili. Si kwamba lugha yetu haijagusa tarakilishi. Vitabu vya shule vya Kenya vimelizoesha neno tarakilishi lenyewe, na mwaka wa 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Lakini kazi hizo zilikuwa za juu ya dirisha: maneno ya vitufe, ya menyu, ya maonyo. Chini ya dirisha, kule foleni na nyuzi ziliko, mwanafunzi wa Nairobi na mwenzake wa Dodoma hufundishwa kwa lugha nyingine, na wakikosea hukosea kwa lugha hiyo. Maneno yaliyotumika hapa, yaani uzi, tukio, foleni, mbiu, kipokezi, kufuli, yote yalikuwako kabla ya tarakilishi. Hakuna lililohitaji kamusi mpya.

Yapo mazingira ambamo mpiga mbiu hataki kuendelea na safari mpaka ajibiwe. Maktaba inaliruhusu hilo: ujumbe huwekwa foleni na uzi uliotuma husimama kungoja. Ni njia ya kutumiwa kwa uchache. Mtu akikosea akaitumia kwa msikilizaji aliye katika uzi uleule, uzi huo utangoja jibu ambalo ni wao wenyewe wa kulitoa. Ni mtu aliyesimama nje ya nyumba yake tupu, akibisha hodi na kungoja ajifungulie.

Linabaki suala la kufunga. Mwanafunzi amechoka, hesabu imefika nusu, analifunga dirisha. Msimamizi akiharibiwa ilhali uzi wake bado unakwenda, programu yote huanguka kwa kishindo. Ipo amri ya kuukata uzi papo hapo, lakini nyaraka za Qt zenyewe huonya dhidi yake, kwa kuwa uzi waweza kukatwa popote: umeshika kufuli ambayo hakuna mwingine atakayeifungua, au umeandika nusu ya rekodi. Utaratibu ulio salama ni mrefu kidogo. Uzi mkuu huinua alama ya kuomba hesabu ikome. Kisha huupa mzunguko wa uzi wa pili neno la kwaheri, ili usichukue tukio jingine. Kisha husimama na kungoja. Uzi wa pili humalizia maneno uliyokuwa ukiyasoma, huitazama alama, hufunga faili la matini, hutoka katika mzunguko wake. Ni hapo tu msimamizi anapoondolewa, na dirisha, lililokawia kitambo kidogo kiwamboni, likatoweka.